Fundi Aliyerudi Kuangalia Ukuta

Vijana wanaokuja kwangu kuandikiwa hesabu huniuliza swali moja kwa namna nyingi: mtu anapataje koneksheni? Wakiuliza hivyo macho yao yako juu, kwa mkurugenzi fulani, kwa mwenye hoteli fulani, kwa mtoto wa fulani. Mimi kila mara namkumbuka mwashi mmoja wa chokaa ambaye nimemshikia daftari tangu mwaka 2019. Hana mkubwa hata mmoja katika simu yake, na leo kazi zinamjia mpaka nyengine anawapa wenzake. Ameniruhusu nikisimulie kisa chake kwa sharti nisitaje jina lake wala la mtu mwengine aliyemo, kwa hivyo nitamwita Fundi, kama anavyoitwa mtaani.

Hali ilivyokuwa

Fundi ni mwashi wa nyumba za kale. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Kuta ni nene, nusu mita na kuzidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi vya kale ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ulikwenda na urefu wa boriti. Kazi hii haifanani na ya tofali za saruji. Chokaa inachomwa tanuuni, inazimwa kwa maji, inaachwa wiki kadhaa iive, na lipu yake hupigwa kwa matabaka membamba, kila moja likingoja la chini yake lishike. Ukuta wa chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani, chumvi inapanda, na baada ya masika mawili matatu lipu inavimba na kudondoka.

Kwa miaka zaidi ya 20 Fundi alipata kazi kwa mkandarasi mmoja, na mkandarasi naye alizipata kwa wenye hoteli. Alikuwa hana haja ya kutafuta. Machi 2020 ndege za watalii zikasitishwa kwa sababu ya korona, hoteli zikafunga milango, mkandarasi akasimamisha kila kitu. Fundi akafungua simu yake. Mlikuwamo mafundi umeme, maseremala, wenye gari za mchanga, wenye nyumba aliowapigia lipu. "Wote nilikuwa nao," aliniambia, "lakini hapakuwa na mmoja wa kumpigia nisionekane naomba."

Kauli hiyo ilinikaa moyoni, maana ndiyo hali ya wengi wetu. Mtu ana namba 300 na hana hata moja aliyowahi kuipiga bila shida yake mwenyewe.

Ukuta wa Kiponda

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Siku zile wenye nyumba za kale walikuwa wakizitazama kuta zao kwa jicho jengine. Mwezi wa Januari bibi mmoja wa mtaa wa Kiponda akamwita Fundi. Chumbani kwake lipu ya saruji ilikuwa imevimba, akataka ibanduliwe ipigwe mpya haraka, na fedha zilikuwepo, mwanawe kamletea kutoka Maskati. Fundi alikuwa na miezi hajashika kazi ya maana.

Akaugonga ukuta kwa mpini wa mwiko, juu, kati, chini. Akaomba ruhusa akapanda paa. Aliporudi alisema hivi:

"Bibi, ugonjwa hauko hapa. Gata la upande wa nyuma limeoza, maji ya paa lote yanaingia kichwani mwa ukuta. Nikikupigia lipu leo, masika utaniita tena."

"Basi na gata litengeneze wewe."

"Gata siliwezi. Yuko kijana Ng'ambo anafanya kazi ya bati. Nimeona paa mbili alizoziezeka, hazivuji. Atengeneze yeye, wewe ukuta uache wazi mpaka kipupwe, ukauke. Hapo ndio uniite. Na ukimpata mwengine kabla yangu, si neno, ila mwambie asitie saruji."

Aliponihadithia niligombana naye. Daftari lilikuwa mbele yangu. Fedha za kazi ile zingemlisha yeye na watoto mpaka Ramadhani. Tena yule kijana wa bati hakuwa ndugu wala rafiki, walikuwa wamekutana kwenye kazi mara mbili tu. Nilimwambia ukarimu una mahali pake, lakini nyumba yenye njaa si mahali pake. Akanijibu kwamba lipu ile ingeanguka na jina lake, na kwamba bibi yule hakutaka lipu, alitaka kulala bila ya kuogopa.

Naliandika jawabu hili kwa sababu watu wakisikia "ukarimu katika kazi" wanafikiria kutoa fedha, kulipa chakula, kubeba zawadi. Fundi hakuwa na vya kutoa. Alichotoa ni ujuzi wake wa kuona ugonjwa ulipo, na jina la mtu mwengine anayeweza kuutibu. Vitu hivyo viwili kila mwenye kazi anavyo, na vingi vinaoza kwetu bila ya kutumika, kwa sababu tunadhani ujuzi ukitolewa bure umepotea.

Mambo mazito yako katika kile nilichokidharau mwanzo. Mvua kubwa ya kwanza ya masika ilipopiga, Fundi alikwenda Kiponda bila ya kuitwa. Alisimama na bibi chini ya paa wakaangalia maji yanavyoteremka. Kisha akampigia kijana wa bati: "Kazi yako nimeiona, imeshika. Kiungo cha kona tu kitazame, kinadonda kidogo." Kijana akaja siku ile ile.

Tumelelewa na methali ya tenda wema uende zako, nami naiheshimu, kwani inamlinda mtu asikae kungojea shukrani. Lakini katika kazi, anayekwenda zake hajui kama wema wake ulikuwa wema. Mgonjwa uliyemwelekeza kwa tabibu alipona? Mteja uliyempeleka kwa fundi alitendewa haki? Fundi alirudi, na alirudi kwa ajili ya ukuta. Bibi akajua kwamba jina alilopewa lilikuwa na mtu nyuma yake. Kijana akajua kwamba kazi yake inaangaliwa na mtu anayejua kazi. Simu moja ya dakika mbili ilifunga uhusiano ambao chai 20 za barazani zisingeufunga.

Kipupwe kilipoingia bibi alimwita, akapiga lipu ya chokaa. Mwaka ule ule shemegi yake bibi, mtu wa Wete, akataka ushauri juu ya nyumba ya wazee wao. Fundi akapanda boti ya Pemba, akateremkia Mkoani, akakaa huko wiki sita.

Hela ya soda

Kijana wa bati naye akaanza kumwelekezea watu, na jambo lenyewe lina mantiki: maji huanza paani, na anayepanda paa huziona kuta mbovu kabla ya mwashi. Siku moja akaja na bahasha ya shilingi 50,000 kwa ile kazi ya Kiponda na nyengine mbili zilizotokana nayo. Fundi akamrudishia. Akamwambia kama anataka kumlipa, basi akikuta ukuta umevimba asimwambie mwenye nyumba apake rangi. Amwambie kweli, hata kama mwenye nyumba hatamtafuta Fundi.

Hapa nataka niseme kwa uadilifu. Udalali si haramu wala si aibu. Dalali wa nyumba au wa gari anafanya kazi, na anayemfuata anajua kwamba analipwa. Tabu ni cha juu cha kificho: unampeleka mtu kwa seremala kama rafiki, kumbe seremala ameongeza bei ili akukatie wewe. Siku mteja atakapojua, na katika kisiwa atajua, ushauri wako wote wa nyuma utageuka kuwa biashara. Fundi hakuikataa bahasha kwa kuwa ni mtakatifu. Aliikataa ili neno lake libaki na uzito wa kusema "huyu mzuri" na pia "huyu usimchukue". Aliyekwisha kula kamisheni hana uhuru wa kusema la pili.

Kosa la seremala

Yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba Fundi hakosei. Alikosa, na alikosa kwa kitu kile kile.

Mwenye nyumba ya wageni upande wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, alimwuliza kama anamjua seremala wa kumtengenezea madirisha na kurudishia mlango wa nakshi ulioliwa na mchwa. Fundi akajibu kama tunavyojibu sote: "Yuko mtu wangu, hana shida." Seremala akachukua arubuni ya nusu ya bei. Akaleta mbao chache. Wiki ya pili simu ikawa haipatikani, wiki ya tatu ikajulikana kwamba amevuka bara.

Mwenye nyumba hakumgombeza Fundi. Aliacha tu kumsogezea nafasi barazani. Anayekijua kikao cha kahawa cha Jaws Corner anaelewa adhabu hiyo ina uzito gani.

Fundi alikuwa na njia ya kutokea, na ilikuwa halali: yeye hakushika fedha, hakuandika mkataba, aliulizwa jina akataja. Hakuitumia. Alikwenda nyumbani kwa yule bwana kabla ya kuitwa, akamwambia, "Fedha sikula mimi, lakini jina nilikupa mimi." Kurudisha arubuni hakuweza. Akaahidi kumalizia lipu ya ukuta wa ua bila ya malipo, na kumtafutia seremala mwengine ambaye atakaa naye mwanzo wa kazi hadi mwisho. Mwenye nyumba aliikubali kazi, ila akasisitiza kuwalipa vibarua. Ilichukua siku 9. Siku ya mwisho, Fundi anasema, yule bwana alimletea kikombe cha kahawa mwenyewe kwa mkono wake.

Kilichonifundisha zaidi ni mabadiliko ya maneno. Tangu siku ile sijamsikia Fundi akisema "mtu wangu, hana shida." Alipomtaja seremala wa pili alisema: "Nimeona milango yake miwili Mkunazini, imekaa sawa, mmoja una miaka minne. Arubuni kubwa sijawahi kumwona akiishika, kwa hivyo mlipe kwa hatua." Yaani anasema alichokiona, na anasema mwisho wa anachokijua ni wapi. Mteja anapata kitu cha kushika. Seremala naye hapunjwi, kwa sababu anasifiwa kwa kazi yenyewe, si kwa ujamaa.

"Hana shida" ni neno la upendo kwetu, tunalitoa kwa ukunjufu. Lakini halimwambii mtu lolote, na mara nyingi linamaanisha kwamba tumeona haya kusema hatujui. Mtu akiniomba jina leo, najiuliza kwanza: nimekiona nini kwa macho yangu?

Yule seremala alirudi baada ya mwaka. Fundi hamtaji tena kwa mteja yeyote. Lakini seremala huyo alipofiwa na mama yake, Fundi alikwenda kuzika, akabeba jeneza na wenzake, akarudi kazini. Nilimwuliza kama hakuona uzito. Akasema maziko si mahali pa hesabu. Napenda vijana walishike hili, kwa sababu nimeshaona wenye kadi za biashara mfukoni mpaka kwenye hitima. Kuzikana, kutembeleana wagonjwa, kufutarishana ni haki za ujirani. Uaminifu unaweza kuzaliwa humo, lakini anayekwenda humo kuwinda kazi huonekana, na hasahauliki.

Binti wa ramani

Mwaka 2022 msanifu majengo kijana, wa ofisi binafsi ya michoro, alikuja kwenye nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi Fundi. Mwengine angesimama mlangoni akatoa amri. Yeye alisema, "Ami, nifundishe. Chuoni tulisoma zege, chokaa hatukuigusa."

"Vaa glavu kwanza, mwanangu. Hii inakula ngozi."

Kwa wiki tatu alimfundisha alichojifunza kwa baba yake: kuusikiliza ukuta unapogongwa, kuijua chokaa iliyoiva kwa ulaini wake kwenye mwiko, kuitambua harufu ya unyevu wa mvua na ya bomba lililopasuka. Mafundi wenziwe wakamnung'unikia kwamba anatoa siri ya mkono kwa watu wa ofisini, ambao kesho watawapa kazi wengine. Jawabu lake lilikuwa fupi: "Siri gani, na nyumba zinaanguka?"

Wenziwe walikuwa na hoja, nami sitaki kuipuuza. Ujuzi wa mkono ndio mali pekee ya fundi asiye na cheti, na wako waliowahi kuufundisha wakatupwa. Lakini tazama kilichotokea. Binti hakumpa kazi. Alichompa ni kile alichokuwa nacho yeye: alikaa naye jioni mbili akamwonyesha namna ya kuandika mchanganuo wa gharama, vifaa mbali, ujira mbali, siku za kukauka nazo zihesabiwe. Kabla ya hapo Fundi alikuwa akitaja bei moja kwa mdomo, na mteja akipunguza, hajui anapunguza wapi. Nilipouona mchanganuo wa kwanza nilifurahi kama nimeuandika mimi. Na binti siku hizi humpigia kabla ya kuchora, kuuliza ukuta huu utabeba au hautabeba. Kila mmoja ana mlango wa kubisha kwa mwenziwe, na hapana anayeomba.

Daftari linavyosema

Kwa ushauri wangu Fundi alianza kuandika, pembeni ya kila kazi, aliyemwelekeza mteja. Ukurasa wa pili unaonyesha watu yeye aliowataja kwa wengine, na alama ndogo kama amekwisha rudi kuangalia. Hana mfumo zaidi ya huo, ni daftari la skuli la kurasa 80.

Mwaka 2023 alifanya kazi 11. Moja ilitoka kwa mkandarasi wake wa zamani. Mbili zilitoka kwa jamaa. Nane zilitoka kwa watu anaoonana nao mara chache kwa mwaka: kijana wa bati, bibi wa Kiponda, shemegi wa Wete, yule bwana wa Malindi aliyeibiwa arubuni, na wengine wa namna hiyo. Mwenyewe alishangaa, kwa kuwa marafiki zake wa kila jioni hawakumletea hata moja.

Jambo hili lina maelezo. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti wake juu ya wafanyakazi wa eneo la Boston waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakionana na mtu huyo mara mojamoja tu, na zaidi ya robo walikuwa hawaonani naye kabisa ila kwa nadra. Waliokuwa wakionana naye mara kwa mara walikuwa kidogo kuliko wote. Sababu aliyoitoa ni nyepesi kuielewa ukiwa barazani: watu wa karibu yako wanajua unayoyajua wewe. Habari mpya inatoka kwenye duara jengine.

Mtu anaweza kusema Zanzibar ni ndogo, sote tunajuana. Si kweli katika kazi. Watu wa bati wana vikao vyao, washi vyao, wachoraji vyao. Mtu wa Mji na mtu wa Makunduchi wanaweza kupita miaka bila ya kukutana, na kati ya Malindi na Mkoani kuna bahari. Ila mtu wa mbali, naongeza mimi, hakukumbuki bila ya sababu. Kwa Fundi sababu ilikuwa ile safari ya pili, ya mvua, bila ya kuitwa.

Panapovuja

Mwaka 2024 mgongo ulimlaza Fundi karibu miezi miwili. Simu ziliendelea kulia. Alizipokea kitandani, akawaelekeza watu kwa washi wengine, akawapigia baadaye kuuliza kazi imekwendaje. Mtu wa nje angesema mtandao wake umefanya kazi. Mimi nilikuwa naona daftari. Vijana wake watatu, wa kwanza akiwa naye mwaka wa sita, walikaa bila ya kazi muda wote ule. Hapana mteja aliyeuliza habari zao, kwa sababu hapana mteja aliyezijua. Ukarimu wote wa miaka mitatu ulikuwa umeshika kwenye sura moja.

Nilimwambia. Alikasirika.

"Mimi vijana hawa nimewalisha."

"Umewalisha. Hujawataja."

Alikaa siku kadhaa hanipigii. Alipokuja tena alileta daftari na mstari mpya umechorwa kwa kalamu nyekundu: nani aliyepiga lipu. Akaanza kuwapeleka wao kuangalia kuta za nyuma, mmoja mmoja.

Baada ya masika yaliyopita yule wa mwanzo alikwenda Kiponda peke yake. Bibi alifungua mlango, akachungulia nyuma ya kijana kumtafuta Fundi. Kijana akamwamkia shikamoo, akasema ametumwa kuuangalia ukuta. Akaugonga, juu, kati, chini, akapanda paa, akapiga simu akiwa huko huko juu. Nilikuwa nimekaa na Fundi, nikasikia.

"Wetu umekauka, Ami. Lakini wa jirani unalia, naona maji mpaka chini."

"Anamhitaji nani?"

"Mtu wa bati kwanza."

"Basi mpe namba," Fundi akamwambia. "Na mwambie na jina lako."